Kiti kilichokataa kukauka

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya chai natoka barazani kukigusa kiti nilichopaka juzi. Kidole kinanata. Hapa Walukuba, Jinja, ziwa liko karibu na usiku una unyevu, basi najiambia ni hewa tu.

Saa 2. Mtu wa boda analeta viti vinne, kafunga nyuma ya pikipiki kama mbuzi wa Idi. Nimevinunua shilingi 80,000 kwa muuzaji yuleyule wa kile cha juzi. Juu vina rangi ya kijani, chini yake krimu. Nakwangua kidogo chini ya kikalio: mbao ya kahawia, nzito. Mvule! Siku hizi fundi akikuchongea kiti, mara nyingi ni mbao nyepesi kama musizi au paini.

Saa 3. Kutoa rangi. Rangi kuukuu siiamini, nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Nalowesha msasa, barakoa usoni, turubai chini, watoto wa jirani nawafukuza. Mama yao ananicheka: “Dada, leo unaogesha viti?”

Saa 6, posho, yaani ugali, na maharage. Umeme umekatika, mimi nasugua kwa mkono, haunihusu.

Saa 7. Hapa ndipo muda mwingi ulipoishia. Mwenye viti wa zamani kila mguu ulipolegea alipigilia msumari, ulipolegea tena akaongeza mwingine. Mguu mmoja nimeutoa misumari sita! Msumari haukazi kiungo, unapasua mbao tu. Nimevifungua viungo, nikakwangua gundi ya zamani yote, maana gundi mpya haishiki juu ya iliyokufa. Kisha gundi ya mbao, na kufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaupota kwa kijiti mpaka gundi ikatoka jasho. Vikae hivyo hadi kesho.

Saa 10. Hajati kapita kuangalia oda yake.
“Mwanangu, vyote vitano vyeupe, viende na mapazia.”
“Hajati, hii ni mvule. Nikipaka vanishi tu utaipenda.”
“Mvule nimeuona tangu utotoni. Nataka nyeupe. Ijumaa.”

Nikasema sawa, Hajati. Alipoondoka ndipo akili ikanirudia: kiti cha juzi! Nilipaka rangi ya mafuta moja kwa moja pale mbao ilipokuwa wazi, bila kuangalia ni mbao gani. Mvule una utomvu wake unaozuia rangi ya mafuta kukauka. Unatakiwa kuupangusa kwa thina kwanza, kisha sila ya kuziba mbao, ndipo rangi. Nimewafundisha wengine hilo kwa mdomo wangu huu.

Saa 1 jioni. Nakigeuza, nakwangua. Kahawia ileile. Nimewasha taa ya sola, nimekunja mikono ya gauni, na nusu lita ya thina iko mbele yangu. Rangi ya mgongo wa kiti imeshatoka yote, bado miguu.