Nilivyojiandikisha kupiga kura Busia huku nikisoma Mbarara

Kabla sijaeleza nilivyofanya, niwaondoe kwanza washauri wangu njiani.

Mjomba wangu alishikilia kwamba mtu akishapata kitambulisho cha taifa, jina lake linaingia lenyewe kwenye daftari la wapiga kura. Mjomba anakumbuka ya zamani. Daftari la uchaguzi wa Uganda wa 2016 kweli lilitokana na data za vitambulisho, na yeye alilikuta jina lake humo bila kutoka jasho. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Wenzangu wa hosteli nao walisema kitambulisho ni cha taifa, kwa hiyo siku ya kura unaingia kituo chochote kilicho karibu. Ndoto ya mchana hiyo: unapiga kura kwenye kituo kimoja tu, kile chenye jina lako. Shangazi akamaliza: msichana anajiandikisha kwa baba yake, basi. Sheria inakuruhusu kujiandikisha kwenye parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, si la kanisa) unakotoka au ile unakoishi, uchague mwenyewe. Na mwanafunzi akiachiwa achague mwenyewe, hapo ndipo hosteli nzima inapogeuka kuwa mawakili.

Mimi ni wa Busia, mji wa mpaka wa Uganda na Kenya, upande wa Uganda, karibu na soko la Sofia ambako mama anauza mitumba. Nasoma Mbarara. Katikati ya miji hiyo miwili kuna Kampala na karibu siku nzima ya kukaa kwenye basi. Zoezi la kuandikisha lilianza 20 Januari 2025 na lilitakiwa lifungwe 10 Februari, wakati uleule ambao wanafunzi tunafunga mabegi kurudi chuoni. Nikasafiri nikiwa sijajiandikisha, maana wote waliniambia: "Mwaka karibu wote uko Mbarara, utajiandikishaje kwingine?"

Haya. Nikaenda kituo cha parishi ya karibu na hosteli. Kijana aliyekuwa mlangoni akasema wanafunzi walete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuthibitisha kwamba ni wakazi. Mwenyekiti wetu ana duka la maziwa. Nikamsalimu "Agandi," akajibu vizuri sana kwa Kinyankole kirefu, na hapo akiba yangu ya lugha ikawa imekwisha. Nikahamia Kiswahili. Akaweka kikombe chini.

"Wewe ni mtoto wa askari?"

Hapa Uganda ndivyo ilivyo, Kiswahili kinajulikana kama lugha ya jeshi. Ukiongea Kiswahili sawasawa, watu wanatafuta bunduki iko wapi. Nikamwambia hapana, mzee, natoka Busia.

"Aa! Mkenya."

Nikatoa kitambulisho. Akakigeuza, akakipeleka kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza jina la babu, akaniuliza kama Busia hiyo ni ile ya huku au ile ya kule. Alipokubali kwamba mimi ni Mganda, akaleta hoja mpya ambayo mpaka leo naona ilistahili kupelekwa Mahakama ya Katiba.

"Lakini, nyabo, wewe hukai hapa. Wewe unalala hapa."

"Tofauti ni nini, mzee?"

"Anayekaa, nikiitisha mkutano anakuja. Anayekaa ana shamba, au ana mtoto shuleni, au ana deni dukani kwangu. Nyinyi mkimaliza mtihani, mtaa unabaki na mbwa tu."

Nikamwambia deni dukani kwake tunalo, chumba kizima, la maziwa ya tangu muhula uliopita. Wateja wakacheka, na yeye akacheka, akafungua droo ya mihuri. Karatasi ilikuwa elfu kumi. Nilijaribu kuomba elfu tano, akasema wino umepanda bei. Mwenzangu wa chumbani alipewa yake kwa elfu tano siku iliyofuata, kwa sababu anajua Kinyankole. Basi ukienda, nenda na mtu wa lugha ya pale, hata kama hana anachokuja kufanya.

Barua mkononi, nikarudi kwenye foleni. Foleni haikusogea. Mara umeme, mara mashine ya alama za vidole, mara chakula cha mchana. Na mimi nikikaa bila kazi, akili inaanza kutembea. Maneno ya yule mzee yakaanza kunikera kwa njia nyingine: mkimaliza mtihani, mtaa unabaki na mbwa. Mtihani tunamaliza Desemba. Kura inapigwa lini?

Hapo ndipo ninapojisifu, mnivumilie. Tarehe kamili ilikuwa haijatangazwa. Ratiba ya Tume ya Uchaguzi ilisema tu kwamba uchaguzi mkuu utakuwa kati ya 12 Januari na 9 Februari 2026. Wote pale foleni walikuwa wanaijua hiyo ratiba, na hakuna aliyekuwa ameiweka kando ya kalenda ya chuo. Mimi niliiweka. Uchaguzi uliopita ulikuwa 14 Januari 2021, siku ya Alhamisi. Wa 2016 pia ulikuwa Alhamisi, na wa 2006 vilevile. Nikajiuliza: ikiwa hawa watu wanapenda Alhamisi, na mara ya mwisho waliwahi mapema ndani ya muda wao, basi safari hii itakuwa 15 Januari. Na tarehe 15 Januari mimi nitakuwa wapi? Nitakuwa Sofia, kando ya mama, nikipanga mitumba. Chuo kinakuwa kimefungwa. Hosteli inakuwa na kufuli.

Nikawaambia wenzangu waliokuwa mbele yangu. Wakasema nahesabu kama mganga wa kienyeji. Mmoja tukawekeana dau la rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, ya mayai mawili. Nikatoka kwenye foleni, nikiwa karibu kabisa na meza.

Sasa tatizo: niko Mbarara, zoezi linakaribia kufungwa, na nauli ya kwenda Busia na kurudi inakula zaidi ya laki moja. Bahati, muda ukaongezwa hadi 19 Februari. Nauli niliitafuta kwa samli. Samli ya Ankole ukiinunua kwa wafugaji ni bei ya chini, na ukiifikisha Busia kuna akina mama wa biriani wanaoigombania. Nikakopa, nikajaza vikopo, nikavifunga kwa plastiki, nikavifunga tena kwa khanga. Kondakta akauliza ni nini kinachonuka, nikasema ni dawa ya nywele. Wakati wa kurudi nikabeba mukene wakavu, wale dagaa wa ziwani, na hao sikuweza kumdanganya mtu yeyote. Basi zima lilijua. Lakini hesabu ilipofungwa, nauli ilikuwa imerudi na chenji kidogo.

Kujiandikisha kwenyewe Busia ni habari fupi: picha, vidole, karatasi. Kilichochelewesha kidogo ni maswali, maana mpakani kila mtu anashukiwa kuwa amevuka asubuhi ile. Afisa akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayepiga soga, "Chifu wa lokesheni yenu siku hizi ni nani?" Ukitaja jina hapo umekwisha. Lokesheni ziko ng'ambo, Kenya. Nikamwambia, "Bwana afisa, sisi tuna LC. Lokesheni nenda ukawaulize wale wa upande wa pili wa mpaka." Akacheka, akaandika. Mvulana aliyekuwa nyuma yangu alianza kufikiri jina, nikamkanyaga mguu. Alikuwa Mganda halisi, ameduwaa tu.

Kuna wengine wenu ambao hamna kadi, na mmekata tamaa. Kama ulikuwa mwanafunzi 2017 na mamlaka ya vitambulisho ikaja shuleni kwenu kuandikisha watoto, kuna uwezekano namba ya utambulisho unayo tayari. Kadi ndiyo hujaifuata. Anzeni huko, mapema, maana bila namba hiyo hakuna meza itakayokusikiliza. Na aliyekwisha kujiandikisha kwingine asijiandikishe upya, aombe kuhamishwa, na maombi hayo yanapelekwa kwenye parishi anakohamia. Mwenzangu mwingine wa chumbani alizunguka Lira nzima akidhani anaenda kuaga kituo cha zamani kwanza.

Daftari lilipobandikwa ili watu wakague majina, mimi nilikuwa Mbarara. Nikamtuma mdogo wangu. Akapiga simu akilia kwamba sipo. Alikuwa amesoma karatasi za nusu ya kwanza ya alfabeti, na jina letu la ukoo linaanzia mwishoni. Vituo vikiwa na watu wengi hugawanywa hivyo, kwa herufi ya kwanza. Nikamwambia ageuke ukuta wa pili. Nilikuwepo, na herufi zote zangu.

Tarehe ikaja kutangazwa: Alhamisi, 15 Januari 2026. Rolex niliila kwa madaha makubwa, na nikaomba nyanya za ziada. Siku yenyewe nilifika kituoni mapema, mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, kwa hiyo sikuweza kuwatambia wenzangu mara moja. Iliporudi, kundi la hosteli likawaka: mmoja yuko Kasese, mmoja Tororo, mmoja Lira, wote majina yao yako Mbarara kwenye ukuta wa shule iliyo mita chache kutoka hosteli yenye kufuli. Wanasema nilikuwa na bahati. Bahati gani, na kalenda ilikuwa ukutani kwa kila mtu?

Ile barua ya elfu kumi sikuitupa. Muda mfupi baada ya kurudi na mukene wangu nilitaka kufungua akaunti ya benki Mbarara, wakaomba uthibitisho wa makazi. Nikaitoa. Yule dada wa benki akausoma muhuri, akaupiga picha, na sasa kwa mujibu wa benki mimi ni mkazi wa mtaa ule, ninakaa.