Matofali ya sabuni ya kuchonga yasiyopasuka

Tatizo lilikuwa moja: masalio ya sabuni yaliyoyeyushwa upya yalitoa matofali yaliyopasuka mara tu mwanafunzi alipoweka kisu. Chanzo ni maji. Ukimwaga mengi ili sabuni ilainike haraka, tofali hukauka nje kabla ya ndani, husinyaa, kisha hupata nyufa.

Tenga kwanza sabuni ngumu na zile zinazopitisha mwanga, maana hazilainiki kwa kasi moja. Kausha vipande, kisha vikwaruze kwa grata ya karoti. Kwa gramu 300, vijiko vikubwa 3 vya maji vinatosha. Changanya, funika, acha dakika 30 unyevu uenee. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu na ugeuze polepole, kwani kukoroga kwa nguvu huingiza povu. Usingoje iwe uji. Ikishikamana kama udongo wa kufinyangia, ipua.

Shindilia kwenye boksi la maziwa lililokatwa, tabaka kwa tabaka, bila huruma. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: pengo dogo la hewa ndilo litakalovunja shingo ya twiga siku ya kuchonga. Kesho yake toa, kausha kivulini wiki 1 hadi 2, ukigeuza kila siku.

Kisu kikitoa ukanda mwembamba unaojikunja, tofali liko tayari. Likinata, bado. Likitoa unga limekauka mno. Lifunge kwa kitambaa chenye unyevu usiku kucha. Machicha yote yarudi ndooni, yatayeyushwa tena.