Siku moja maishani mwangu: nafundisha utoto wa enzi ya Tudor

Saa 12:00 asubuhi. Nimeamka, nafunga begi lenye manyoya ya bata bukini ya kuandikia. Nafundisha shule ya msingi hapa Birmingham, watoto wa miaka tisa na kumi, na leo ni siku ya Tudor, nasaba iliyotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603. Majira ya joto, saa kama hii wavulana wa shule za sarufi, yaani shule zilizofundisha hasa Kilatini, walikuwa tayari wanaingia darasani. Walitoka saa 11 jioni, siku sita kwa wiki.

Saa 2:00. Napanga vibao mezani. Mtoto mdogo alianzia hapo: kibao cha mbao chenye mpini, karatasi ya alfabeti na Sala ya Bwana, na juu yake utando mwembamba wa pembe ya mnyama ili vidole visiichafue. Aliyesomea ubao chuoni kule pwani hatauona mgeni. Mara nyingi mwalimu alikuwa mama wa mtaani, nyumbani kwake, na wasichana wengine walisoma humo pamoja na kaka zao.

Saa 3:30. Nawaeleza kwamba mvulana alivaa gauni kama dada yake mpaka miaka sita au saba hivi, ndipo akavalishwa suruali. Maswali hayaishi.

Saa 4:30. Kilatini. *Amo, amas, amat* (napenda, unapenda, anapenda), sote kwa sauti. Kitabu kilikuwa sarufi iliyobeba jina la William Lily, ambayo Mfalme Henry VIII aliamuru itumike nchi nzima. Wakubwa walitakiwa wazungumze Kilatini hata wao kwa wao, na uzembe ulilipwa kwa fimbo. Fimbo siileti darasani. Mtoto anaelewa ukali bila kutishwa. Nawasimulia badala yake habari za Roger Ascham, mwalimu wa Malkia Elizabeth I, aliyepinga viboko. Kitabu chake kuhusu kufundisha kilichapishwa 1570, yeye akiwa ameshafariki.

Saa 7:15 mchana. Nachonga manyoya kwa kisu kidogo, wanachovya wino, wanaandika majina yao. Kisha nawaomba wasichana waweke kalamu chini waje kwenye meza ya sufu.

Kipindi hiki ndicho ninachokijali kuliko vyote. Shule ya sarufi haikuwa ya wasichana. Binti wa kawaida alijifunza kwa mama yake: kusokota nyuzi, kuoka, kutengeneza pombe na siagi, kuandaa dawa za mitishamba. Ni ujuzi mkubwa, sikubali uitwe duni. Lakini Kilatini ndicho kilichofungua chuo kikuu, kanisa na sheria. Wavulana wengi maskini nao hawakukifikia. Sheria ya 1563 ilitaka mwanagenzi atumikie fundi wake angalau miaka saba. Tofauti ni kwamba msichana alizuiwa hata kama baba yake alikuwa na uwezo, isipokuwa afundishwe nyumbani. Waliofundishwa waling'ara: Margaret, binti wa mwanasheria na msomi Thomas More, alitafsiri kazi ya Erasmus, msomi wa Kiholanzi, ikachapishwa miaka ya 1520, na Ascham alimkuta Lady Jane Grey, binti wa ukoo wa kifalme, akimsoma mwanafalsafa Plato kwa Kigiriki.

Saa 8:00. Nawaletea mapacha, Hamnet na Judith, waliobatizwa 1585 huko Stratford-upon-Avon, mji wenye shule ya sarufi ya bure kwa wavulana. Hamnet alifariki 1596, ana miaka 11. Judith alikua, na 1611 alipotakiwa kushuhudia hati, aliweka alama badala ya kuandika jina lake. Baba yao ni William Shakespeare.

Msichana mmoja, naye ana kaka pacha, akauliza, "Baba yake alikuwa bado hai?" Alikuwa hai, nikamjibu. Akakasirika waziwazi. Sikumtuliza, kwa sababu hasira yake ina haki.

Saa 9:30 alasiri. Getini mama mmoja wa Tanga ananisubiri. "Habari za kazi, mwalimu? Binti yangu anasema leo wasichana wamenyang'anywa kalamu!" Nikamweleza habari za Judith. Akasikiliza hadi mwisho, akasema bibi yake mwenyewe alitia dole gumba maisha yake yote.

Saa 11:00 jioni. Nasahihisha, kisha naandaa somo lijalo: shule ya Christ's Hospital ya London, iliyofunguliwa 1552 kwa watoto maskini, ikapokea wavulana na wasichana pia.