Otomatiki au mkono: tuongee kuhusu pembe ya propela

Huu mjadala wa kama pembe ya propela, yaani jinsi mapanga yake yanavyoinama kukata hewa, ibadilishwe kiotomatiki au kwa mkono kwenye simuleta za ndege za vita (michezo ya kompyuta ya kurusha ndege) naona tunauendesha vibaya sana, watu wanaugeuza kuwa ishu ya nani rubani kweli na nani anabebwa na kompyuta, wakati swali la kwanza lilitakiwa liwe ndege yenyewe ilitengenezwaje.

Chukua Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye propela ya mizunguko thabiti. Ile lever wengi wanaiita pembe ya mkono lakini ukiisukuma huyagusi mapanga moja kwa moja, unachofanya ni kuchagua injini izunguke mara ngapi kwa dakika, mwisho 3000, halafu kuna kifaa kinachotumia presha ya oili kinabadilisha pembe chenyewe kila kasi ya ndege ikipanda au kushuka. Yaani hapo tayari kuna otomatiki ndani, na marubani wa 1940 walishukuru kuwa nayo!

Sasa njoo kwenye Bf 109 E-3, ndege ya kivita ya Wajerumani, ndani ya simuleta ya Cliffs of Dover, huo ndo mkono wenyewe. Propela ni ya umeme, unabonyeza swichi pembe inabadilika, unaachia inabaki pale pale, na kwenye dashibodi kuna kisaa chenye mishale kinakuonyesha mapanga yamefika wapi. Hakuna kinachokulinda. Ukipanda juu taratibu huku pembe ni kubwa injini inalemewa na nguvu hupati, kama gari lililopandishwa mlima na gia ya tano, na ukishuka kwa kasi ukasahau pembe ndogo basi upepo ndo unaizungusha propela, mizunguko inapita kiwango na injini inaharibika kabla hata hujafyatua risasi moja. Kila ukibadilisha kasi una kazi ya kufanya, na vitani kasi inabadilika muda wote.

Ndo maana Wajerumani wenyewe waliikimbia hiyo kazi. Bf 109 za baadaye zikapewa otomatiki, na Fw 190, ndege yao nyingine ya kivita, ikaenda mbali zaidi, ina kifaa kinaitwa Kommandogerät, unasukuma lever moja tu chenyewe kinapanga mizunguko, presha ya hewa inayoingia kwenye injini, mchanganyiko wa mafuta mpaka muda wa kuwasha cheche. Kwa hiyo mtu akirusha Fw 190 kwa otomatiki hajarahisishiwa mchezo, anairusha ilivyokuwa.

Msimamo wangu: kama ndege ilikuwa na otomatiki, pigana nayo. Macho yako yanatakiwa nyuma ya mkia, sio kwenye geji. Kuna wanaotoa otomatiki kwa sekunde chache ili injini izidishe mizunguko wapate nguvu ya ziada, sawa, ila simuleta nzuri inakutoza kwa hilo, na mimi sipendi kuona ushindi unatokana na swichi.

Lakini jifunze mkono hata hivyo jamani, tena kwa bidii, kwa sababu utaratibu wake unakufundisha injini. Ukitaka nguvu anza kuongeza mizunguko ndo usukume throto (lever ya nguvu ya injini), ukipunguza anza na throto kwanza, ukigeuza utaratibu huo unaibebesha injini presha kubwa huku inazunguka polepole na hapo ndo inapoumia. Hii inakusaidia Spitfire, P-51 ya Wamarekani, karibu zote zenye lever mbili, ya throto na ya propela.

Halafu kuna lile moja ambalo kwenye 109 otomatiki haikufai kabisa, injini ikishakufa. Propela yenye pembe ndogo inageuka breki kubwa mbele yako, toa otomatiki haraka, peleka mapanga kwenye pembe kubwa kabisa, shusha pua kidogo utunze kasi, utaona ndege inateleza mbali zaidi na unapata muda wa kuchagua uwanja wa kutua.