Jinsi nilivyoitoa gari ya kukodi mchangani Vumawimbi

Njia ya msitu wa Ngezi, kwenda ufukwe wa Vumawimbi kaskazini mwa Pemba, tulipita vizuri. Tabu ilianza nilipoona uvivu wa kutembea hatua hamsini, nikaingiza Suzuki Escudo ya watu mpaka kwenye mchanga mkavu. Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale. Nikakanyaga mafuta zaidi (ujinga huo), gari ikakaa kwa tumbo.

Mzee mmoja aliyekuwa anakwenda pwani akasimama. "Mwanangu, zima kwanza. Unajichimbia kaburi."

Nikamwamkia shikamoo, nikazima. Tukafukua mchanga mbele na nyuma ya kila tairi, na chini ya tumbo, kwa mikono na kifuu. Jeki ilizama mpaka tukaiwekea kipande cha ubao chini yake. Tairi zilipoinuka tukashindilia makumbi ya nazi chini yake. Halafu ndiyo dawa yenyewe: upepo. Tairi zote nne nikazitoa upepo kutoka pauni 28 hadi 16 hivi, zikabonyea na kutandaza mguu juu ya mchanga badala ya kuukata. Nikatia gia ya magurudumu manne, ile nzito, usukani umenyooka, nikarudi kinyumenyume kwenye alama zangu mwenyewe, mafuta kidogo kidogo. Ikatoka mara ya pili.

Mpaka Konde nilikwenda taratibu, maana tairi yenye upepo mdogo hupata moto ikikimbizwa lami. Huko nikajaza upepo. Mchanga wa kwenye zulia nilikung'uta usiku.