Siku moja maishani mwangu: Shosho mgongoni mwa nganya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Industrial Area. Nawahi yadi kabla mafundi wa bodi hawajawasha grainda, maana vumbi la chuma likishapanda hewani, usithubutu kufungua kopo la rangi. Nganya ya wiki hii, yaani matatu ya michoro, ni Isuzu NQR ya abiria 33, mali ya Baba Mdogo. Ubavu wote umekwisha. Umebaki mgongo, na mgongo ndio wenye maneno.

Baba Mdogo anataka sura ya Shosho, mama yao marehemu, ijae nyuma yote. Baba yangu anasema mama yake hakuzaa watoto ili arushiwe matope ya Rongai kila mvua ikinyesha. Mimi ni mtoto wa mmoja na fundi wa mwingine.

Saa moja. Msasa wa maji, nambari 800. Watu hudhani kazi yetu ni kuchora, kumbe nusu ya siku unasugua na kufuta. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuifanya rangi ikatae bati na kuacha vishimo tunavyoviita macho ya samaki. Kwa hiyo hakuna kula karibu na gari. Makanga wa Baba Mdogo yuko karibu na gari, anakula chapati.

Saa tatu. Picha pekee ya Shosho tuliyo nayo ni ya kitambulisho, anatazama kama aliyesingiziwa wizi. Nachora miraba kwa chaki, kisha naanza na vivuli. Ukiisogeza eabrashi, kile kibomba cha kupulizia rangi, karibu, unapata uzi; ukiirudisha nyuma, unapata moshi. Uso hauna nyuzi, ni moshi mtupu, kwa hiyo mkono unachoka begani, si vidoleni.

Saa tano na nusu, Baba Mdogo huyo. Anataka kidevu kishuke, uso uwe mkubwa.
"Hapo unapita mstari wa manjano, Baba Mdogo."
"Nyuma tuuruke. Nani ataangalia?"

NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, wataangalia. Mstari ni sentimita 15, pande zote mbili na nyuma, bila kukatika.

Mstari huo una historia kwetu. Kanuni za matatu za waziri wa uchukuzi John Michuki zilipoanza Februari 2004, zilikuja na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na manjano hiyo. Magari ya Baba Mdogo yote yalikuwa na michoro ya Baba, ya brashi, si ya kompresa. Michoro ikawa hairuhusiwi tena, akamwita Baba aipake michoro yake mwenyewe rangi moja, gari baada ya gari, kisha akakataa kumlipa eti kufuta si kuchora. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliporuhusu michoro irudi, Baba alishahamia mabango ya maduka. Siku hizi kwenye magari anakubali kazi moja tu: mstari wa manjano. Naam, uleule uliomtoa kazini. Yadi nzima hakuna mkono ulionyooka kama wake, na nadhani anaupiga vizuri hivyo kwa hasira.

Saa nane. Baba anaingia na mkoba wake. Anamsalimia mdogo wake kama mtu anavyomsalimia askari wa barabarani. Kisha anasimama mbele ya Shosho.

"Huyu si mama. Fundo la kitambaa alilikaza kushoto, juu ya sikio."
"Kulia," anasema Baba Mdogo.
"Wewe ulikuwa unabebwa mgongoni, ungeliona wapi?"

Wakazozana hadi rangi ikaanza kukauka kwenye pua ya eabrashi. Nikampigia Shangazi, nikaweka spika.

"Kushoto," akasema. "Na mumpe tabasamu. Siku ya picha hiyo alikuwa anaumwa jino."

Hakuna aliyebisha tena. Nilikuwa na saa moja ya kubadilisha mdomo, na mdomo ni mahali ambapo milimita moja inakupa mtu mwingine kabisa.

Saa kumi. Baba anapima, anapiga uzi wa chaki, ananiita. Mstari upite mabegani, mimi nimvike Shosho leso, manjano iwe pindo lake. Siwezi kuitia kivuli hata chembe, sheria ni sheria, kwa hiyo mikunjo yote naiweka juu yake na chini yake. Baba Mdogo anashika ncha ya utepe bila kuambiwa. "Vuta," anaambiwa. Anavuta.

Saa kumi na mbili kasoro. Utepe hutolewa rangi ikiwa bado laini, la sivyo ukingo unameguka. Umetoka safi.

"Ni ngapi, Kaka?"
"Huu, bei ya kawaida. Na kuna kazi ile ya 2004."
"Lakini kufuta si..."

Hakumalizia. Simu ya Baba ikalia, M-Pesa. Akavaa miwani, akasoma.
"Bila riba," akasema, akaitia simu mfukoni.

Kesho ni klia, ile rangi angavu ya kufunika mchoro, na barakoa yenye vichujio, maana hadina yake ya kuikausha ina kemikali inayoweza kukuachia pumu ya maisha. Baba atakuja kukagua pindo. Baba Mdogo pia atakuja, anasema ni kwa ajili ya fundo. Bado anaamini ni kulia.