Mnyama wangu kapita!

Jamani wiki tatu nzima nilikuwa nachora mnyama wa ile sayari ya kufikirika tunayoijenga pamoja, na leo wenzangu wamempitisha, nimefurahi kweli! Mwanzo nilitaka awe mdudu mkubwa kama mbwa, mwenzetu mmoja akauliza kitu kimoja tu: anapumuaje? Maana wadudu hawana mapafu, hewa inapita kwenye vijibomba mwilini, na kwenye mwili mkubwa haifiki vizuri ndani, halafu ukikuza mwili mara 2 kila upande uzito unapanda mara 8 ila nguvu ya miguu inapanda mara 4 tu, yaani akizidi sana hata kusimama hawezi. (Meganeura, yule mdudu wa zamani anayefanana na kereng'ende, mabawa yake yakitanuliwa yalifika karibu sentimita 65 toka ncha hadi ncha na bado mwili ulikuwa mwembamba.)

Basi nikaanza upya na ukoo wenye mifupa na mapafu. Anaishi pangoni, macho yamebaki madogo, anajua njia kwa mwangwi kama popo. Ila mimi naupenda mkia wake kuliko vyote, mababu zake waliogelea nao, yeye anajishikizia mwambani. Kesho naanza kuchora anayemwinda.